Jina Hana, Habari Anazo

Msikilizaji wangu, uliye jikoni, uliye njiani, uliye dukani ukingoja wateja, tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo nataka tuzungumze juu ya kutafuta kitu ambacho jina lake hulijui. Ni jambo linalotupata sote, mkubwa na mdogo, msomi na asiyesoma. Lakini zaidi ya yule anayetafuta, leo nataka kusema na yule anayeulizwa. Wewe uliye nyuma ya kaunta, nyuma ya meza, nyuma ya dirisha la ofisi. Mtu amesimama mbele yako. Anakitaka kitu, na jina lake hana. Utamsaidiaje?

Sikiliza mfano huu. Mama mmoja anaingia katika duka la vifaa vya ujenzi. Kijana wa duka anamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Nataka boya la tangi la choo." Muuzaji mmoja atainua mkono, atashusha boya, atataja bei, biashara imekwisha. Muuzaji mwingine atauliza, "Kwani mama, tangi limefanyaje?"

"Maji hayakatiki. Usiku kucha tunayasikia yakichuruzika."

"Yanamwagikia sakafuni au yanateremkia kwenye bakuli?"

"Kwenye bakuli."

"Na ukifunga koki usiku, asubuhi unakuta maji yamo tangini?"

"Hayamo, mwanangu. Tangi limekauka."

"Basi boya lako ni zima. Kilichochoka ni mpira wa chini, ule unaoziba tundu la tangi."

Umeona, msikilizaji? Mama huyu alikuja na jina kabisa, jina alilopewa na jirani. Kama muuzaji angelifuata lile jina, mama angerudi nyumbani na boya jipya, na usiku ule ule maji yangeendelea kuchuruzika. Kilichomwokoa ni yale mengine aliyokuwa nayo: sauti aliyoisikia, mahali maji yanapokwenda, hali ya tangi asubuhi. Jina sahihi hakuwa nalo, habari alikuwa nazo. Nitalirudia hili mara kadhaa leo, kwa sababu ndilo ninalotaka ulishike: jina hana, habari anazo.

Twende shambani sasa, maana huko jambo hili lina uzito wa chakula cha familia. Mkulima wa muhogo anamwendea bwana shamba. "Naomba dawa ya muhogo." Bwana shamba afanye nini? Ampe jina la dawa? Au aulize, "Muhogo wako una nini?"

"Unaoza."

Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu muhogo una njia nyingi za kuharibika. Bwana shamba mzuri atauliza: majani yakoje? Yamejikunja, yamedumaa, yana mabaka ya kijani kilichopauka au manjano? Hiyo yaweza kuwa batobato. Au mmea kwa juu unaonekana hauna neno, ila majani ya chini yana madoa ya manjano, na ukiukata muhogo wenyewe unakuta ndani mabaka ya kahawia, makavu, magumu? Hayo yanaelekea kwenye michirizi ya kahawia. Au uozo ni wa majimaji, unanuka, na shamba lenyewe maji hutuama? Hilo tena ni jambo jingine.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia una mkasa wake hapa kwetu. Mtaalamu aitwaye Storey aliueleza mwaka 1936, alipokuwa akifanya utafiti kule Amani, katika milima ya Usambara. Fikiria, wakulima wa pwani walikuwa wakiuona muhogo wao ukiharibika hivyo kabla yake, bila jina la kitabuni. Walijua unaharibika wakati gani, katika mbegu ipi, upande upi wa shamba.

Sasa, batobato na michirizi ya kahawia yote mawili husababishwa na virusi. Huenezwa na nzi weupe, na huenezwa pia na sisi wenyewe tunapokata pingili kutoka mmea mgonjwa na kuzipanda kama mbegu. Hakuna dawa ya kunyunyizia itakayouponya mmea ulioambukizwa. Kwa hiyo mkulima aliyekuja kuomba dawa, alichokuwa akikihitaji hasa ni mbegu safi, na kuing'oa ile mimea iliyougua. Angewezaje kukitaja kitu hicho? Yeye alijua kwamba kiumbe kikiugua hupewa dawa, akaomba dawa. Swali lililomfikisha pale lilikuwa jingine kabisa: "Baba, mbegu hizi ulizipata wapi?"

Siku hizi kuna programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa katika mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani wakishirikiana na watafiti wa muhogo wa hapa Afrika. Unaielekezea kamera kwenye jani, nayo inakuambia inachokishuku, kwa Kiswahili, hata mahali pasipo na intaneti. Mimi naipenda kwa sababu moja: haimdai mkulima jina la ugonjwa. Inamdai jani. Ila jani si shamba zima. Uozo wa michirizi ya kahawia umo ardhini, ambako kamera haifiki mpaka umeng'oa. Na kama mbegu zilitoka kwa shemeji wa kijiji cha pili, hilo litajulikana tu kama kuna mtu ameuliza.

Msikilizaji, unaweza kudhani haya ni ya duka na shamba tu. Hapana. Kuna watu ambao kazi yao yote ni hii, nao ni wakutubi. Tangu mwaka 1876 mkutubi mmoja wa mji wa Worcester, Marekani, Samuel Green, alikuwa akiwahimiza wenzake waache kukaa kimya nyuma ya meza, wawapokee watu kwa uchangamfu, wawasaidie kuuliza. Aliona kwamba watu wengi, hasa wasiozoea vitabu, huona haya hata kusema walichokuja kukitafuta.

Kisha mwaka 1968 Mmarekani mwingine, Robert Taylor, aliandika makala iliyosomwa na wakutubi wa dunia nzima. Alikuwa amezungumza na wakutubi wazoefu akitaka kujua wanafanyaje pale mtu anapofika mezani. Akaeleza kwamba swali la mtu hupita ngazi nne. Kwanza kuna ile hali ya kukosa utulivu tu, unajua kuna kitu kinakusumbua, maneno huna. Halafu linakuja wazo lenye ukungu kichwani. Halafu swali lililonyooka, lile ambalo ungelisema kama ungepewa nafasi ya kulieleza lote. Mwisho kabisa ndilo swali unalolitamka mezani. Na hili la mwisho, nisikilize vizuri, huwa limeshapunguzwa. Mtu amelikatakata lilingane na kile anachodhani meza ile inaweza kumpa.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu sisi tunaoulizwa hulisikia lile la mwisho tu, tukadhani ndilo lenyewe.

Chukua binti wa sekondari anayeingia maktaba na kusema, "Mna kitabu cha historia?" Ukimwonyesha kabati la historia, umemjibu. Hujamsaidia. Sasa muulize kwa upole, "Historia ya nini, mwanangu? Nini kimekufanya uitake?" Anaanza kukueleza. Babu yake alitoka Kigoma akiwa kijana, akaletwa Tanga pamoja na wenzake, wakapewa namba, wakakata mkonge, na wengine hawakurudi kwao tena. Babu amefariki. Binti anataka kujua ni nani aliyewaleta na kwa nini walipewa namba.

Mkutubi anayejua kazi yake hapo amepata kila kitu. Atamwambia: hao waliitwa manamba. Tafuta habari za mashamba ya mkonge, tafuta habari za SILABU, chombo kilichoanzishwa na wenye mashamba ya mkonge mwaka 1944 kwa ajili ya kuandikisha vibarua kutoka mbali. Sasa binti ana majina mawili matatu ya kumfungulia kabati lolote. Majina hayo yametoka kwa mkutubi, lakini njia ya kuyafikia imetoka kwa binti mwenyewe. Namba, mkonge, Kigoma, Tanga: hayo aliingia nayo. Jina hana, habari anazo.

Haya, tumesema duka, tumesema shamba, tumesema maktaba. Sasa twende mahali panapouma zaidi.

Mama amefiwa na mumewe. Marehemu ameacha fedha kidogo benki. Arobaini imepita, ada za watoto zinadaiwa. Mama anapanga foleni, anafika dirishani. "Nimekuja kuchukua hela za baba watoto, amefariki." Anajibiwa, "Pole mama. Lete barua ya usimamizi wa mirathi." Na mtu wa nyuma yake anasogea.

Jibu lile ni sahihi. Benki haiwezi kumpa mtu fedha za marehemu kwa maneno ya mdomo, na sheria hiyo inamlinda mama huyo huyo. Lakini nakuuliza, msikilizaji, mama yule ametoka pale na nini? Ametoka na maneno machache asiyojua yanapatikana wapi. Atakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, atapewa barua ya utambulisho, atarudi nayo benki, ataambiwa siyo hiyo. Atakwenda ofisi nyingine, ataulizwa, "Umefuata fomu gani?" Atasema hajui. Ataambiwa akajue kwanza. Nauli inakwisha. Siku zinakwenda. Na katika siku hizo ndipo huibuka shemeji mwenye maneno mazuri anayesema, "Niachie mimi, nitakufuatilia."

Mama huyo siku moja anakutana na msaidizi wa kisheria. Hapa Tanzania Bara watu hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wapo wilayani, hata vijijini. Msaidizi huyu hamwulizi fomu. Anamwambia, "Pole sana mama. Kaa. Hebu nieleze tangu mwanzo. Marehemu alifia wapi?"

"Alifia kijijini kwao, tulikuwa tumempeleka akapumzike."

"Kifo kiliandikishwa?"

"Kuandikishwa wapi?"

Hapo, msikilizaji! Hapo ndipo penyewe. Hakufia hospitali, kwa hiyo hakuna aliyemkabidhi karatasi yoyote. Kabla ya kufikiria barua ya benki, anahitaji cheti cha kifo, na kwa hicho ataanzia kwa msajili wa vizazi na vifo wa wilaya. Kisha familia ikae kikao, ipendekeze nani awe msimamizi, na muhtasari uandikwe. Kisha waende mahakamani, na kwa familia nyingi za kawaida hiyo ni mahakama ya mwanzo, wafungue shauri la mirathi. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, halafu ndipo imteue msimamizi. Barua ile iliyotajwa dirishani kwa pumzi moja ilikuwa na safari yote hiyo nyuma yake.

Je, yule karani wa benki alitakiwa kuyaeleza yote haya, na foleni imefika mlangoni? Simdai hivyo. Ninachomwomba ni sentensi mbili zaidi: "Mama, barua hiyo hutolewa na mahakama. Cheti cha kifo unacho?" Sentensi mbili, na mama anatoka akijua mlango wa kwanza uko wapi. Najua kazi ya dirishani inachosha. Lakini anayeumia zaidi pale tunapomdai mtu jina mlangoni ni yule mwenye majina machache kuliko wote: mjane, mzee, mtoto, mgeni aliyetoka upande mwingine wa nchi ambako kitu kile kile kinaitwa vingine. Aliyesoma hatakwama, ana binamu wakili wa kumpigia simu.

Lipo jambo jingine, nalo linahusu adabu zetu. Mtu mzima ukimwuliza, "Ni hiki?" mara nyingi atajibu, "Ndiyo, ndicho hicho," hata kama sicho. Ameona umeshahangaika, ameona haya kukusumbua zaidi, au anaogopa kuonekana hajui. Kwa hiyo usikimbilie kumwonyesha kitu na kumwuliza kama ndicho. Mwache aseme kwanza. Kinafanya kazi gani? Ulikiona wapi mara ya mwisho? Ulikuwa unafanya nini ukakihitaji? Hayo ni maswali ambayo hayajibiwi kwa ndiyo.

Kwenye duka la dawa hili si suala la adabu tu, ni uhai. Mzee anasema, "Nipe vile vidonge vyangu vyeupe, vidogo." Vidonge vyeupe vidogo vipo vya presha, vipo vya sukari, vipo vya mambo mengine mengi. Ukimwonyesha pakiti na kumwuliza "Ni hivi, mzee?" anaweza kukubali, akaenda kunywa dawa isiyo yake. Muulize vilikuwa vya ugonjwa gani, anavinywa saa ngapi, kabla ya chakula au baada, nani alimwandikia. Muulize kama ana kadi ya kliniki au pakiti ya zamani nyumbani. Na ikiwa bado hujui, usikisie kabisa. Mwambie mtoto wake alete pakiti, au mwelekeze kituo alichotibiwa. Na kwa yule anayenong'ona, anayeomba dawa ya maumivu huku macho yake yanatazama pembeni kuona nani anasikia, sogea naye kando. Pengine maumivu siyo yaliyomleta.

Sisi wa redioni nasi tuna wateja wa namna hii. Msikilizaji anapiga simu: anataka ule wimbo wa zamani, jina hajui, bendi hajui, unaanza na gitaa halafu wanaitikia watu wengi. Vijana wataniambia kuna mashine za kazi hiyo. Ni kweli. Kule Uingereza huduma ya Shazam ilianza mwaka 2002, zama zile unapiga namba 2580, unaielekeza simu kwenye spika, kisha unaletewa jina la wimbo kwa ujumbe mfupi. Ililinganisha sauti ile na rekodi zilizomo katika hazina yake. Na tangu mwaka 2020 Google wanakubali hata uwaimbie kwa mluzi au kwa kuguna tu. Ni msaada mkubwa. Lakini wimbo usiokuwamo katika hazina hautatajwa hata uuimbe vizuri namna gani, na bendi zetu nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodi kwenye kanda pale Redio Tanzania Dar es Salaam. Kwa nyimbo hizo dawa bado ni mtu mwenye kumbukumbu na swali zuri. Uliusikia wakati gani? Kulikuwa na sherehe gani? Anaimba juu ya nini, mapenzi au safari? Mara nyingi kwenye swali la tatu mtu mwenyewe anakumbuka ubeti.

Na wewe unayetafuta, una sehemu yako pia. Ukitumwa spea, nenda na ile iliyokufa mkononi. Ukishindwa kuifungua, ipige picha ikiwa mahali pake, maana kifaa kikiwa mahali pake kinaeleza kazi yake. Usione haya kusema, "Jina silijui, ila kinafanya hivi." Na eleza ulichokwisha jaribu.

Nimalizie na wale wanaoniuliza juu ya mimea, mti fulani ulioota nyuma ya nyumba, majani fulani bibi alikuwa akiyachemsha. Zipo nyumba za kuhifadhi mimea iliyokaushwa, na wataalamu wake kazi yao ni kukutajia jina. Iliyo kubwa katika kanda yetu ni ile ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Hiyo ilianzia Amani ile ile niliyoitaja, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina yake. Usipeleke jani moja. Kata kitawi chenye majani kadhaa, na kama ni msimu wake, chenye maua au matunda, maana hayo ndiyo huwasaidia zaidi. Kibane ndani ya magazeti kikauke bila kujikunja. Halafu chukua karatasi uandike yale ambayo mmea ukishakauka hautaweza kuyasema tena: uliota wapi, ni mti au kichaka, urefu wake, rangi ya ua likiwa bichi, harufu ya jani ukilifikicha, na ukiukata unatoa utomvu wa rangi gani. Kama kwenu una jina la kienyeji, liandike pia, hata kama huna uhakika nalo.

Muda wangu umekwisha. Una kitu chako ulichokitafuta ukakikosa kwa sababu ya jina? Tuandikie, utueleze kinafanya nini na ulikiona wapi, nasi tutawasomea wenzako wiki ijayo, siku kama ya leo, saa kama hii.